Kisiwa cha ndege baharini: je, nimpeleke mwanangu Juni hii?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, mzaliwa wa Mpwapwa. Mwanangu ana miaka 11 na amewapenda ndege tangu shule ilipowapeleka bwawa la Hombolo. Sasa amesoma habari za kisiwa kiitwacho Fungu Kizimkazi, mbali baharini, kisicho na watu, ambako ndege wa baharini hukusanyika kutaga, na kila siku wimbo wake ni huo. Likizo ya Juni nimepata siku chache. Shemeji yangu wa Dar anamfahamu mvuvi mwenye boti ya faiba ya injini moja aliye tayari kutupeleka, tulale huko usiku mmoja kwenye hema, kesho yake turudi. Anasema ndege wale hawaogopi watu, unapita katikati yao tu, na kwa kuwa kisiwa hakina wenyeji hakuna kibali kinachotakiwa. Mimi nilichosikia ni kwamba tusiguse mayai, maana mama akisikia harufu ya mtu analitelekeza yai. Sote wawili hatujui kuogelea, na mtoto ana pumu ya hapa na pale. Je, safari hii inawezekana? Tujiandaeje?"

Marahaba, dada yangu. Nikiisoma barua yako naona maswali mawili yaliyoshonwa pamoja. Moja ni la usalama wenu. La pili hukuliandika waziwazi, lakini lipo: utafanyaje usimvunje moyo mtoto aliyepata kitu anachokipenda kwa dhati? Yote mawili nitayajibu, na nafurahi umeuliza kabla ya kumtumia mvuvi pesa ya mafuta.

Jibu lenyewe ni hili. Fungu Kizimkazi panafikika, na mtoto wa miaka 11 anaweza kwenda akiwa na watu makini. Lakini si Juni, si kwa boti ya injini moja, na si kwa kulala huko. Tena hata siku ya kwenda ikifika, nitakuomba msiteremke kisiwani kama ndege wana mayai au makinda. Mtawaona vizuri mkiwa ndani ya boti. Najua hilo la mwisho ndilo litakalomuuma kijana kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu ili aelewe sababu na asione kwamba ananyimwa tu.

Fungu Kizimkazi, ambacho wengine hukiita Fungu Mbaraka na ramani za kigeni hukiandika Latham, kipo kilomita kama 70 mashariki ya Dar es Salaam, kusini-mashariki ya Unguja. Ni kipande cha mwamba wa matumbawe, tambarare, chenye hekta chache tu, kilichoinuka mita chache juu ya bahari. Hakina mti wa kivuli, hakina maji matamu, wala ghuba ya kujikinga na upepo. Kimezungukwa na maji ya kina kirefu, na hapo ndipo faida ya ndege ilipo: jodari na samaki wengine wakubwa huwafukuza samaki wadogo hadi juu, ndege wakawadaka. Wavuvi wa pwani wanalijua hilo vizuri. Wakiona ndege wanapiga mbizi kwa mbali, hugeuza omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea huko.

Aina nne ndizo zinazojulikana kutaga pale. Yupo bubi mwenye barakoa, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa na uso mweusi unaozunguka mdomo wa manjano. Yupo buabua mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, ndege wa bahari kuu hasa. Yupo buabua mwenye kishungi na mdomo wa manjano, ambaye huonekana pia ufukweni Dar es Salaam, kwa hiyo huyu hamtamkosa. Na yupo buabua wa kahawia, mwili mzima kahawia isipokuwa utosi uliopauka. Zamani watu walikwenda kule kuchimba mbolea ya kinyesi cha ndege hao, kwa hiyo kisiwa hiki si kwamba hakijawahi kuguswa. Kimeguswa, na ndege bado wapo. Hilo linanipa moyo, na linanifanya niwe mkali kidogo katika yanayofuata.

Kwa nini ndege wachague jiwe lisilo na mti wala maji? Kwa sababu pale hakuna paka, panya, kicheche, nguchiro, wala mtoto mwenye manati. Ndege hawa hutaga chini, juu ya mchanga au mwamba mtupu. Maji matamu hayawasumbui, kwa kuwa wana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa puani au mdomoni kama matone. Mwambie kijana aangalie kwa darubini: bubi akitikisa kichwa, mara nyingi anarusha matone hayo.

Kinga yao yote ni umbali. Hawana mbinu nyingine dhidi ya mnyama anayetembea kwa miguu. Uzazi wao nao umejengwa juu ya usalama huo. Buabua mwenye mgongo mweusi huanza kuzaa akiwa na miaka kadhaa, mara nyingi sita hivi, na kabla ya hapo huishi angani juu ya bahari kuu bila kukaa majini, maana manyoya yake hulowa. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Lakini akitaga, yai ni moja. Bubi hutaga mayai mawili, na kwa kawaida anayekua ni kinda mmoja tu, kwa sababu wa kwanza kuanguliwa humsukuma mdogo wake nje. Kuku wa kienyeji hapo kwenu Mpwapwa akiharibikiwa na mayai, baada ya muda mfupi ataanza kutaga mengine kumi na kutamia. Ndege wa baharini hana wepesi huo. Kundi likipoteza mayai msimu huu, pengo lake linaweza kuonekana miaka mingi baadaye, wakati ambapo aliyelisababisha hakumbuki hata kama aliwahi kufika pale.

Sasa niisahihishe ile habari ya harufu, maana inafundishwa hata shuleni. Ndege wengi hawalitupi yai kwa sababu limeguswa na mkono wa mtu. Ukweli ni mbaya zaidi: huhitaji kuligusa ili life. Inatosha kusimama karibu.

Iko hivi. Yai la ndege huhitaji joto la nyuzi 36 hadi 38 hivi. Likipita nyuzi 41 kwa muda, kiinitete kilicho ndani kinaingia hatarini. Mchanga na mwamba wa matumbawe juani saa sita mchana, katika latitudo yetu, unaweza kupita nyuzi 50. Kwa hiyo mchana kazi ya mzazi kisiwani ni kuzuia yai lisiive. Ukimtazama buabua saa hizo utaona amesimama juu ya yai badala ya kulilalia, mgongo ameuelekeza juani, mabawa ameyalegeza kidogo pembeni ili kivuli kipanuke, mdomo wazi. Bubi naye hutetemesha ngozi ya koo upesi upesi ili apoe, saa baada ya saa, bila kuondoka. Kisha boti inatia nanga, watu watano wanateremka wakicheka na kupiga picha, ndege wote wanaruka. Wageni wanafurahi kwa sababu anga imejaa mabawa. Chini, mayai yamebaki juani. Dakika kumi zinatosha kuleta hasara, na wageni wengi hukaa saa nzima.

Kwa bubi kuna jambo jingine. Yeye hana ile sehemu ya ngozi tupu tumboni ambayo ndege wengi hutumia kutamia. Hulifunika yai kwa nyayo zake pana zenye utando, na damu ya miguuni ndiyo inayolipasha joto. Akiondoka taratibu, huliweka yai vizuri kwanza. Akiruka kwa kushtuka, yai huweza kurushwa na miguu likabiringika juu ya mwamba, na likishatoka mahali pake mara nyingi halirudishwi.

Makinda nao hufa kwa namna yao. Kinda wa buabua akiogopa hukimbia, akajikuta kwenye eneo la jirani, na jirani humdonoa, wakati mwingine hadi kumuua. Kaa wa mchangani wapo wanasubiri. Haya hutokea mkiwa bado mnatembea, na kwa kuwa macho yenu yako juu kwenye ndege wanaozunguka, hamtayaona.

Shemeji yako yuko sahihi kwa sehemu moja: bubi hakimbii haraka. Unaweza kumkaribia hadi hatua chache naye akakutazama tu. Lakini kutulia kwake si kuridhika. Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya pengwini waliokuwa wanatamia wamekuta moyo ukienda mbio mtu anapokaribia, huku ndege mwenyewe amekaa kimya kiotani kana kwamba hakuna kitu. Ndege aliyekua mahali pasipo na mnyama wa miguu minne hajui akukimbieje, na hataki kuliacha yai. Tusimwite mpole kwa sababu hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni hawaifikirii, nayo ni mizigo. Panya mmoja mwenye mimba akitoka kwenye gunia la unga au kamba iliyoviringishwa ndani ya boti, kisiwa kile kinaweza kuisha. Siongezi chumvi. Kisiwani Chumbe, karibu kabisa na Mji wa Unguja, iliwabidi wafanye kazi maalumu ya kuwaangamiza panya mwaka 1997. Tena hasara haiishii kwa ndege. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, vyenye panya na visivyo nao. Visivyo na panya vilikuwa na ndege wengi, kinyesi chao kilikuwa kinaoshwa na mvua hadi kwenye matumbawe, na uzito wa samaki kwenye miamba hiyo ulizidi wa kule kwenye panya kwa karibu nusu. Hili hata yule mvuvi ataliheshimu ukimweleza: kinachoanguka kisiwani kinamlisha samaki wake. Kunguru wa India ni hivyo hivyo. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na hufuata makombo ya watu. Ganda la yai la kuchemsha na mkate uliobaki msiviache popote, hata majini karibu na kisiwa.

Nije kwenye bahari yenyewe, maana hapo ndipo moyo wangu ulipopiga niliposoma barua yako.

Juni ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Sisi wa bara tunaujua mwezi huo kwa baridi ya asubuhi na upepo mkavu wa Dodoma unaopeperusha vumbi barabarani. Pwani, upepo wa wakati huo unasukuma mawimbi kutoka bahari kuu, na Juni hadi Agosti ndipo kusi inapokuwa na nguvu. Ukiwa ndani ya mkondo kati ya Unguja na bara unakingwa kidogo. Fungu Kizimkazi kiko nje, hakikingwi na kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na kipindi hicho si ajabu zikafuatana. Wakati mzuri zaidi kwa safari ya namna hii ni kusi ikishalegea na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika, yaani matlai ya kuelekea Novemba, na siku tulivu za kipindi cha kaskazi hadi Machi mapema. Baada ya hapo masika inaingia na hali hubadilika ghafla; mtakumbuka kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024.

Fanya hesabu ya umbali. Boti nzuri inayokwenda kilomita 37 kwa saa itachukua kama saa mbili kufika. Boti ya uvuvi iliyobeba watu, hema na madumu, ikienda kilomita 15 kwa saa, ni karibu saa tano kwenda, na kurudi vivyo hivyo, labda upepo ukiwa usoni. Njiani mtandao wa simu unakatika. Injini hiyo moja ikizima, hakuna wa kumpigia, na mkondo wa maji unawachukua. Dada yangu, hapo sina nafasi ya kulegeza. Injini ziwe mbili, kila moja yenye uwezo wa kuwarudisha peke yake. Redio ya VHF iwepo na ifanye kazi. Jaketi okozi liwe la kila mtu, la mtoto liwe la saizi ya mtoto lenye mkanda wa kupita kati ya miguu, na livaliwe tangu mnapotoka ufukweni, lisikaliwe kama mto. Boti iwe imekaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, kwa upande wa bara, au na Mamlaka ya Usafiri Baharini kama inatoka Zanzibar. Mwombe mwenye boti akuonyeshe cheti, usione haya. Mtu wa nchi kavu ajue mmeondoka saa ngapi na aseme nini, kwa nani, msiporudi. Na nahodha awe mtu anayeweza kukutazama usoni, umeshamlipa, akasema leo hatuendi. Mimi hicho ndicho ninachokithamini kuliko injini.

Kutojua kuogelea peke yake hakuwazuii kusafiri kwa boti nzuri. Kunawazuia kuteremka kisiwani, maana pale hakuna gati. Mtu hushuka kwa kuruka kwenye maji yanayovunjika juu ya mwamba, kwa kuvizia wimbi. Watu wazima wanaojua kuogelea huumia hapo. Mna miezi kadhaa hadi Novemba, na Dodoma hoteli zenye bwawa zipo. Mtafutie mwalimu, na wewe jifunze naye.

Kulala huko tukuache kabisa. Hema likisimama, ndege waliokuwa na viota karibu hawarudi usiku kucha, na mwanga wa taa unawachanganya. Visiwa vya namna hii mara nyingi ndivyo kasa hupanda usiku kutaga, na kasa akiona mwanga au mtu anayetembea hugeuza akarudi majini. Halafu kuna kupe. Makundi ya ndege wa baharini huwa na kupe wanaojificha kwenye mawe mchana na kutoka usiku, na hawachagui damu.

Kuhusu kibali, kisiwa kisicho na wakazi si kisiwa kisicho na serikali. Kwa Fungu Kizimkazi, ulizia Zanzibar kwanza, kwa wanaohusika na uvuvi na uhifadhi wa bahari, upate jibu la maandishi kabla ya kulipa mtu. Visiwa vilivyotengwa upande wa bara viko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa sheria ya mwaka 1994, na kuna ada ya kuingia. Kama kijana ana wazo la kurusha droni, hiyo nayo ina kibali chake, na juu ya ndege wanaotamia nasema hapana hata kikipatikana.

Pumu ya mtoto ipeleke kwa daktari wake kabla hujanunua tiketi yoyote. Kundi kubwa la ndege hutoa harufu kali ya amonia na vumbi la kinyesi kikavu, vitu vinavyoweza kumbana mwenye pumu, na mkiwa saa mbili kutoka hospitali ya karibu hilo si dogo. Mwulize daktari waziwazi: kama ndiyo, dawa ya kuvuta ibebwe ngapi, na dalili gani ituambie tugeuze boti? Mwulize pia dawa ya kichefuchefu cha safari inayofaa umri wake, msijipimie wenyewe. Kichefuchefu cha bahari hutokea kwa sababu sikio la ndani linaambia ubongo kwamba mwili unayumba huku macho yaliyoinama ndani ya boti yanasema umetulia. Ndiyo maana kutazama upeo wa bahari husaidia na kutazama simu huharibu. Mkishikwa na homa siku chache baada ya safari, mwambieni daktari mlikuwa wapi, asiishie kwenye malaria peke yake.

Mafua ya ndege nayo yamebadilisha taratibu za safari hizi duniani. Visiwa vya Farne kule Uingereza, vinavyopokea wageni wengi wa kuangalia ndege, vilizuia watu kuteremka mwaka 2022 ndege walipoanza kufa, na vikafungua tena 2024. Kwenu maana yake ni kwamba viatu vioshwe na kukaushwa kabla na baada ya safari, na mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, msiguse hata mmoja kwa ajili ya manyoya. Pigeni picha kwa mbali, mtoe taarifa kwa daktari wa mifugo wa serikali aliye karibu.

Basi Juni mfanye nini? Msikae nyumbani. Mimi ningemwanzisha huyu kijana karibu, na sisemi hivyo kumpoza. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita kama 240 za lami. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pale pale mjini, maji yake ni ya magadi, na maji yakiwa ya kiasi utakuta heroe (flamingo) wakichuja chakula vichwa chini na mwari, ndege wenye mfuko chini ya mdomo, wakielea kwa vikundi. Hapo atajifunza jambo ambalo kisiwa kitamdai baadaye, yaani kukaa kimya mahali pamoja, kuhesabu kundi kwa makumi, na kutambua dakika ambayo ndege wameanza kukuhofia. Mtera nako, kwenye barabara ya Iringa, kuna mnandi, ndege weusi wapiga mbizi, wanaokausha mabawa juu ya miti mikavu iliyosimama majini. Hata Hombolo anayoijua tayari hutembelewa na buabua wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia, lakini hao aje awatafute kuanzia Oktoba.

Kama siku zenu za Juni zinaruhusu kufika Dar, SGR itawafikisha bila uchovu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo hufikiwa kwa boti za kila siku, safari fupi ndani ya maji yaliyokingwa, na ni maeneo tengefu tangu 1975. Sitakudanganya kwamba mtaona makundi ya kutaga, hamtayaona. Lakini mtoto atajua mwili wake unavyoupokea mwendo wa mawimbi, na wewe utajua pumu inavyoitikia hewa ya bahari, kwa gharama ndogo na msaada ukiwa karibu. Mkipata siku ya ziada, Maziwe, mbele ya Pangani, ni fungu la mchanga lililowahi kuwa kisiwa chenye miti na kasa wengi kabla mmomonyoko haujalimeza. Maji yakipwa fungu hutokeza, na mafungu ya namna hiyo ndiko buabua hupenda kupumzika. Ulizeni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na saa za maji kabla ya kwenda, na upepo ukiwa mkali ahirisheni. Mafia ina visiwa vidogo vilivyotengwa mwaka 2007, Shungimbili, Nyororo na Mbarakuni, lakini hivyo ningeviweka msimu wa utulivu pia.

Siku moja, fedha zikiruhusu, Shelisheli ina kisiwa cha Bird ambako buabua wenye mgongo mweusi hutaga kwa mamia ya maelfu, kuna ndege ya abiria na njia zilizowekwa za kutembelea. Si gharama ya mtumishi wa kawaida. Naitaja ili kijana ajue ipo.

Na Novemba ikifika, boti ikiwa nzuri, daktari ameridhia, kibali kipo, nendeni Fungu Kizimkazi. Sitakuahidi mtakachokuta. Ndege wa tropiki hawafuati kalenda yetu. Kisiwani Ascension, katika Atlantiki, buabua hawa hawa wenye mgongo mweusi hurudi kutaga kila baada ya miezi tisa na nusu hivi, kwa hiyo msimu huhama mwaka hadi mwaka. Ondokeni alfajiri ili mfike jua halijawa kali. Mwambieni nahodha apunguze mwendo mapema, azunguke kisiwa kwa mbali, mita 100 au zaidi, upande ambao upepo hauwasukumi kwenye mwamba. Injini isizimwe kabisa. Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha. Kubwa zaidi inatikisika mno baharini. Mpe kijana kazi ya kuwa mwangalizi: aangalie shingo. Ndege waliotulia wana shingo fupi, wengine wamelala. Shingo zikianza kurefuka pamoja na vichwa kugeukia boti, aseme, na nahodha asogee nje hapo hapo bila mjadala. Wakiruka, mmeshachelewa.

Kwa sasa anza na mawili: miadi ya daktari wa pumu, na simu kwa shemeji yako umwambie ya Juni imeahirishwa, ila aendelee kumtafuta mwenye boti ya injini mbili. Mkienda Singida, fikeni ziwani kabla ya saa moja asubuhi, upepo haujaamka, na kijana abebe daftari aandike tarehe, saa, aina na idadi. Atakapokuja na swali lake la kwanza kutoka kwenye daftari hilo, naomba aniandikie yeye mwenyewe.